Dungu la Chekechea

Katarina alirudi kutoka semina ya Mpanda mjini akiwa juu ya magunia ya sukari, ndani ya lori lililokuwa likinasa kwenye tope kila baada ya mwendo mfupi. Kila liliponasa abiria walishuka kusukuma, isipokuwa yeye. Alikuwa amekumbatia saa ya ukutani iliyoviringishwa ndani ya kitenge, na katikati ya miguu amebana redio kaseti mpya, na alitangaza wazi kwamba vitu vya ofisi haviachwi ovyo. Kwenye hifadhi ya Katavi mbung'o walimshambulia mgongoni, naye hakuwa na mkono wa kuwafukuzia. Wenzake wakawa wanampigia wale mbung'o kwa viganja. Wengine walipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nami siwalaumu, maana tangu Sitalike mama huyu alikuwa hajafunga mdomo kuwaeleza habari za menejimenti.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mwaka 1996. Katarina alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba kwa baba na kwa mama, elimu yake darasa la saba na zaidi ya hapo hakubahatika. Chekechea yake ilianzia barazani kwake, kwa watoto waliokuwa wanaachwa hapo na mama zao wakienda kusaga. Aliwaimbisha, akawahesabisha mbegu za maboga, akawafundisha kujifuta makamasi. Mwaka wa tatu parokia ikampa chumba kando ya kanisa la kigango, cha tofali mbichi na bati, na ofisi ya elimu ya kanisa ikamwandika miongoni mwa walimu wake wa vituo vya watoto wadogo. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa chumba kile alilala nao chini ya mto. Alikipenda kituo chake bila kujificha, na watu wa Mamba walimpenda yeye kwa sababu hiyo hiyo.

Semina iliendeshwa na mratibu wa vituo, Bwana Ponsian, mtu mwembamba mwenye kola iliyonyooka na sauti ya upole. Alifundisha mambo mapya: kuweka lengo, kupanga ratiba, kugawana zamu, kufanya vikao, kupokea maoni ya wazazi, na kutumia vyombo vya kisasa badala ya kupayuka kutwa nzima. Siku ya mwisho akaeleza na jambo la uchungu. Msaada ulikuwa umepungua. Msimu wa kiangazi ukikaribia angepita kila kituo, na kituo atakachokikuta na watoto chini ya nusu ya walioandikishwa kingeunganishwa na kituo jirani, vifaa vikahamia huko.

Kituo jirani na Mamba kilikuwa ng'ambo ya mto. Mtoto wa miaka minne hafiki kule kwa miguu yake, labda abebwe, na nani wa kumbeba kila siku? Lakini Katarina hakutetemeka hata kidogo. Chumba chake kilikuwa kinajaa mpaka watoto wengine wanakaa mlangoni. Aliandika neno "unganisha" pembeni mwa daftari, akalisahau.

Basi akaanza kazi. Saa akaitundika ukutani juu sana, ili isiguswe. Akagongomea misumari kwenye ubao mrefu, na juu ya kila msumari akachora picha: kuku, jembe, samaki, chungu, kobe. Kila mtoto akapewa alama yake na kikombe chake kikaning'inia hapo, hivyo kwa kuangalia vikombe tu mwalimu alijua nani kaja na nani hayupo. Uji, ambao zamani ulikuwa unapikwa na yeyote aliyejisikia na mara nyingi ukaungua, sasa ulipikwa kwa zamu na wazazi, na mama mwenye zamu alikuwa anakabidhiwa mwiko mbele ya watoto kana kwamba anavishwa cheo. Uji ukaacha kuungua. Hilo peke yake lilitosha kuwanyamazisha waliocheka saa ya ukutani.

Kila Ijumaa kulikuwa na kikao cha wafanyakazi. Wafanyakazi walikuwa wawili, Katarina na binti aliyemsaidia, Faith, ambaye alimaliza darasa la saba juzi tu na alikuwa na kicheko cha karibu sana. Katarina alikuwa mwenyekiti, Faith katibu.

"Katibu, akidi imetimia?" Katarina anauliza.

"Imetimia, mwenyekiti. Tupo sote," Faith anajibu, huku ameziba mdomo kwa khanga.

Redio kaseti ndiyo iliyotia fora. Katarina aliwarekodi watoto wakiimba wimbo wao wa asubuhi, na kila siku saa mbili aliiweka redio dirishani na kufungulia. Watoto waliposikia sauti zao zikitoka kwenye redio walikimbia kutoka kila kichochoro, kila mmoja akidai kwamba sauti nyembamba ile ni yake. Betri zilipochoka zilianikwa juu ya bati pamoja na mihogo, zikapata nguvu kidogo, zikarudishwa kazini. Mama mmoja alimletea Katarina betri zake za tochi azianike juani pia, akidhani dawa iko kwenye bati la chekechea.

Halafu likaja sanduku la maoni. Lilitengenezwa kwa mbao za mninga, lina tundu juu na kufuli dogo, na ufunguo wake Katarina aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Jumapili moja baada ya ibada alisimama mbele ya waumini akatangaza.

"Ndugu zangu, kuanzia leo maoni yote ya chekechea yapite kwenye sanduku. Mtu asinisimamishe njiani. Asinifuate kisimani. Na hata nyumbani kwangu, nikiwa napika, sitaki kusikia maoni. Sanduku lipo."

Upande wa wanaume mume wake, Apolinari, aliitikia kwa kichwa kama wenzake. Huyu alikuwa mtu mkimya, mkulima wa mpunga, ambaye akisema maneno kumi kwa siku basi siku hiyo amechangamka. Mtoto wao Enoka alikuwa anasoma sekondari mbali, na nyumbani walibaki wawili. Wiki za kwanza sanduku lilipata karanga, kifungo cha shati, na karatasi iliyochorwa kitu ambacho Faith alisema ni mbuzi na Katarina akasema ni yeye mwenyewe. Lakini alifurahi. Kwake miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kufanya kazi, na alikuwa anayasema hayo kwa kila aliyemsikiliza.

Mwezi wa nne mpunga ukatoa masuke, na kwelea wakaja.

Nieleze kidogo hapa, kwa msomaji anayeuona mchele dukani tu. Kwelea ni ndege mdogo, lakini haji peke yake. Anakuja na ukoo wake wote, kundi linafunika jua, na likitua kwenye jaruba la mpunga wenye punje changa za maziwa linaacha makapi. Kwa hiyo punje zinapoanza kujaa, familia za Mamba zinahamia bondeni, zinaishi kwenye vibanda vya nyasi, na kila shamba linajengewa dungu, yaani jukwaa la miti ambalo mtu anapanda kuamia ndege kwa kelele, kombeo na kamba zenye makopo. Na kuamia kwa Mamba kuna adabu yake. Hakuna anayepiga kelele anavyotaka. Dungu la juu kabisa linaanza, ndege wanaruka, na kabla hawajatua la pili linapokea, halafu la tatu, hivyo hivyo kundi linasukumwa angani kutoka shamba hadi shamba mpaka linavuka mto na kuingia porini. Ukipiga kelele kabla ya zamu yako, unawarudisha ndege kwa jirani. Dungu likiwa tupu, ndege wanatua hapo, na wote walio chini yake wanaumia.

Katarina alizaliwa humo na aliyajua yote hayo. Lakini kwa misimu kadhaa alikuwa hajapanda dungu, maana shamba lao lilikuwa na madungu mawili, moja la Apolinari na jingine la mama mkwe, na mama mkwe alikuwa hodari wa kuamia kuliko vijana. Mwaka ule bibi huyo alikuwa amehamia kwa binti yake huko Usevya. Katarina, kichwa kimejaa ratiba, hakujiuliza nani amepanda lile dungu la pili.

Vikombe vikaanza kutoweka kwenye misumari. Kuku hayupo, jembe hayupo, kobe hayupo, wamekwenda bondeni na mama zao. Kila mwaka ilikuwa hivyo, na miaka yote Katarina alikuwa anangoja tu mavuno. Safari hii akakumbuka neno aliloliandika pembeni mwa daftari, na maji yakamfika shingoni. Bwana Ponsian angefika kabla ya mavuno. Angekuta chumba kina saa, ubao wa misumari na watoto wachache wa wenye maduka. Angekunja jamvi, na chekechea ya Mamba ingeishia hapo.

"Lengo letu nini?" alimwuliza Faith kwenye kikao.

"Watoto warudi."

"Tuna chombo gani cha kuwarudisha?"

Faith akaitazama redio.

Kesho yake kabla jua halijapanda Katarina akateremka bondeni, redio kichwani, Faith nyuma yake na betri za akiba. Akasimama kwenye tuta katikati ya majaruba, akafungulia wimbo wa asubuhi kwa sauti yote iliyokuwamo. Na wakati huo huo kundi la kwanza la siku lilikuwa limeshapokewa na Maiko, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, likielekea mtoni kwa utaratibu. Wimbo ukalipokea kwa mbele. Kundi zima likageuka angani, likarudi, likatua kwenye mpunga wa Maiko na wa wote waliokuwa juu yake. Kelele zilizofuata hazikuwa na zamu. Watu waliruka kutoka kwenye madungu, makombeo yakavuma, akina mama wakapiga masufuria, na katikati ya vurugu ile watoto wa redio waliendelea kuimba kwa furaha kwamba kumekucha.

Maiko alishuka akaja taratibu kwenye tuta. Alikuwa mtu wa heshima, na hasira yake aliimeza nusu.

"Mwalimu, salamu ya asubuhi sikupi, mwenyewe unaona. Umekuja kuita watoto au umekuja kuita ndege?"

Katarina alitamani tuta lipasuke. Aliomba radhi, akazima redio, akapanda kurudi kijijini, na Faith, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakucheka mpaka walipofika.

Ijumaa hiyo kikao kilikuwa kifupi. Alipofungua sanduku la maoni hakukuta karanga wala kifungo. Kulikuwa na suke moja la mpunga, refu, lililonyonywa punje zote, limebaki vijiti na makapi. Katarina alilishika akaelewa kuna mtu ameliwa mpunga na ndege na analaumu chekechea. Asichokijua ni mtu huyo ni nani.

Jioni alimwonyesha Apolinari, wakiwa wamekaa jikoni.

"Baba Enoka, tazama mtu alichonitilia kwenye sanduku. Angekuwa na ujasiri angekuja kuniambia usoni."

Apolinari akaendelea kumenya muwa. "Ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Suke la kwetu hilo. Dungu la mama liko tupu. Maiko akiwasukuma wanatua kwetu. Mimi nipo mwisho wa shamba, nikikimbia kwenye tuta nafika wameshakula. Juzi nilianguka kwenye maji. Na walio chini yetu wanapata hasara kwa ajili yetu, sema wanakuonea haya wewe mwalimu."

Katarina alikuwa hajapata kumsikia akisema mengi hivyo kwa pamoja. "Sasa kwa nini hukuniambia, mume wangu? Tunalala nyumba moja!"

"Ulisema hata nyumbani hutaki. Ulisema yapite kwenye sanduku. Nikayapitisha."

Katarina akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu kicheko kikageuka kilio na hakukizuia. Alilia kwa aibu, na kwa uchungu wa mtu aliyekuwa anaanguka kwenye maji peke yake huku yeye anagongomea misumari. Apolinari akamkatia kipande cha muwa.

Usiku huo huo Katarina akaona mambo mawili ambayo hayakai pamoja. Akienda kukaa dungu la mama mkwe, chekechea inakufa. Akibaki na chekechea, shamba linaliwa, na la jirani, na la jirani wa jirani. Asubuhi alimweleza Faith yote, pale pale mlangoni, bila akidi.

"Mwalimu," Faith akasema, "si unatufundisha zamu? Hebu na sisi tuingie zamu ya ndege. Tuhamishe chekechea iende dungu la bibi."

Katarina akamkumbatia binti yule.

Maiko hakuafiki mara moja, na wewe ungekuwa na shamba usingeafiki. Alikuja na wazee wawili wa bonde wakakaa kwenye mkeka wa watoto, magoti juu.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu," Maiko alisema. "Ila mtoto wa miaka minne umwambie anyamaze, ndege anawaona, angoje zamu? Mtoto ana subira hiyo? Wataimba kabla, na yatarudi yale ya siku ile."

"Nipe wiki moja niwafundishe hapa hapa. Nisipoweza, nakuja kupanda dungu mwenyewe na chumba nakifunga."

"Utawafundishaje, ndege wako bondeni?"

"Naomba sauti yako," Katarina akasema, akaiweka redio mbele yake, kaseti ndani. "Ita kama unavyoita ukiwasukuma kuja kwetu."

Mwenyekiti wa kamati alikohoa, akatazama wenzake, akarekebisha shati. Kisha akaita, "Pokeaaa!" na popo wote wakatoka darini. Ukweli ni kwamba alipenda kuisikia ikirudiwa. Aliomba irudiwe tena.

Wiki ile redio ilicheza sauti ndogo, mlango umefungwa. Watoto waliobaki, na wengine waliorudishwa kwa muda, walikaa mkekani kimya. Katarina alipitisha kitambaa juu ya vichwa vyao, hicho ndicho kikawa ndege. Mtoto akipiga kelele kabla ya "Pokeaaa" ya Maiko, wote wanaanza upya. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Siku ya pili mtoto wa alama ya samaki aliziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, akatetemeka kwa kujizuia, akangoja, na sauti ilipokuja akapaza yake kwa nguvu mpaka akakaa chini. Wenzake wakamwiga. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wanangoja vizuri kuliko watu wazima wengi kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nami nimeiona foleni ile.

Wakahamia. Mikeka ikatandikwa chini ya dungu la mama mkwe, saa ikafungwa kwenye nguzo yake, ubao wa misumari ukaegemezwa kwenye ngazi, na sanduku la maoni likawekwa juu ya kichuguu ambapo kila anayepita anaona. Ratiba Katarina aliiandika upya, na safari hii waliompangia walikuwa ndege. Asubuhi na jioni kwelea wana njaa, kwa hiyo vipindi hivyo vilikuwa vya nyimbo na zamu. Mchana joto linawapeleka ndege vivulini, basi ndipo watoto walipohesabu mbegu, wakasimuliwa hadithi, wakalala. Akina mama hawakuwa na haja ya kumpeleka mtoto mbali. Vikombe vikarudi msumari kwa msumari, kuku, jembe, chungu, kobe. Katarina alisimama juu ya dungu na Faith chini na watoto, wakibadilishana, na upande wa pili wa shamba Apolinari alipokea kutoka kwao bila kukimbia tena. Kwa siku nyingi za namna hiyo Katarina alikuwa na raha moyoni, raha yenye woga kidogo ndani yake, maana Bwana Ponsian alikuwa hajaja.

Alikuja mwanzoni mwa mwezi wa sita, punje zimeanza kugeuka manjano. Pikipiki yake aliiacha kijijini baada ya kukuta chumba cha chekechea kimefungwa, kuta tupu, mende kwenye kizingiti. Mwanamke wa mashine ya kusaga alimwelekeza bondeni. Aliteremka amekunja suruali, viatu mkononi, kola yake ile ile imelowa jasho, na uso wake haukuwa wa mtu anayekuja kupongeza.

Katarina alimwona kwa mbali. Alikuwa ameandaa hotuba ya kumkaribisha, ina lengo, ina mikakati, ina shukrani. Akashuka ngazi haraka akafunga kilemba vizuri.

"Shikamoo, Bwana Mratibu. Karibu sana."

"Marahaba. Mwalimu, nimetoka kituoni kwako. Kituo kiko wapi?"

Alipofungua mdomo kujibu, sauti ya Maiko ikatoka juu ya bonde. "Pokeaaa!"

Kundi lilikuwa linakuja, kubwa, limeinama chini, kivuli chake kinatambaa juu ya mpunga. Katarina alijua kwamba mtu aliyesimama mbele yake ndiye aliyeshika uhai wa kituo, na kwamba hajapata kuulizwa swali zito kama lile. Alijua pia kwamba ndege wale wakitua, wanatua kwa wote walio chini yake. Akampa mratibu mgongo.

"Watoto!"

Watoto walikuwa wamesimama tayari, wamejibana midomo. Wakaachia. Faith akavuta kamba, makopo yakalia, Katarina akapanda ngazi huku anapiga ukelele ambao hakufundishwa semina yoyote. Kundi likainuka, likapita juu ya vichwa vyao kama upepo wa mvua, na mwisho wa shamba Apolinari akapokea, na wa chini yake akapokea, mpaka wakasikika wa mwisho kabisa, mbali, karibu na mto. Watoto wakafuatisha ndege kwa macho. Ndege walipovuka mto, watoto wakakaa wote mkekani bila kuambiwa, na mtoto wa samaki akauliza kama sasa ni uji.

Bwana Ponsian alikuwa bado ameshika viatu. Alivitua chini, akaenda kwenye ubao wa misumari, akapitia alama moja moja akiwaita watoto. Kila aliyeitwa alikuja kuchukua kikombe chake. Hakukuwa na kikombe kilichobaki. Akina mama na akina baba waliokuwa karibu walikwisha kusogea, na Maiko akafika, anahema.

"Mwalimu, nitasema kweli," Bwana Ponsian akaanza. "Watoto wapo, na wanafundishika, nimeona. Lakini kanuni inasema watoto wakutwe kituoni. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na nilipoiandika sikufikiria dungu. Nikienda kusema kituo kiko shambani, wenzangu ofisini wataniuliza swali moja: huu ni mpango wa mwalimu peke yake, au wazazi wanautaka? Nina nini cha kuwaonyesha?"

Hotuba yote ikamtoka Katarina kichwani. Kisha macho yake yakaangukia kichuguu.

"Kuna sanduku la maoni," akasema kwa sauti ndogo. "Sijalifungua wiki hii. Huwa wanatia karanga."

Alivua ufunguo shingoni. Faith akamshikia kufuli. Alipoinua kifuniko, masuke ya mpunga yakamwagika kwenye mkeka, mazito, ya manjano, yamejaa punje kutoka chini mpaka ncha. Yalikuwa yameshindiliwa mpaka kwenye tundu. Kila suke limefungwa kipande cha kitambaa ili lijulikane limetoka shamba lipi, khaki ya suruali ya Maiko, kitenge cha mama huyu, kanzu ya ubatizo ya mtoto wa yule. Watoto wakaanza kuyaita kwa majina ya mama zao.

Bwana Ponsian alichuchumaa. Alichukua suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza makapi, akatia punje mdomoni na kutafuna polepole, kama anavyofanya yeyote aliyekulia kwenye mpunga.

"Haya nitawapelekea yote kama yalivyo," akasema. "Na kanuni nitairekebisha. Kituo cha Mamba kinabaki, na kila msimu wa ndege kitahesabiwa hapa." Akatazama mkeka. "Naomba na kikombe cha uji, kama upo."

Mama mwenye zamu alikimbilia mwiko. Katarina alikaa chini katikati ya masuke akalia mbele ya watoto, mbele ya mratibu, na hakuona haya. Kisha akamgeukia Maiko.

"Nani aliwaambia mtie masuke? Mimi sikuomba."

"Mume wako. Alipita dungu kwa dungu juzi," Maiko akasema. "Alisema nyie mkitaka mwalimu awasikie, msimwambie. Mtilieni kwenye sanduku, atasoma."

Katarina akainua uso. Mwisho wa shamba Apolinari alikuwa amesimama juu ya dungu lake, amewapa mgongo, anaangalia juu kwa makini sana, na angani hapakuwa na ndege hata mmoja.